Mkono wa Trifone Kwenye Kome

Mume wangu Trifone ana ini lenye makovu, mabaki ya homa ya ini aliyougua zamani, na daktari wake, Bi. Pansini, alitupa masharti mawili. La kwanza, asile tena kitu kibichi cha baharini, si kome, si chaza, si pweza, hata abembelezwe na askofu. La pili, akishika kome wabichi avae glavu, kwa sababu maji yakipata joto yana vijidudu vinavyopita hata kwenye mkwaruzo, na mwenye ini bovu vinaweza kummaliza kwa siku mbili.

Sharti la kwanza niliutangazia ukoo mzima. La pili tulilicheka garini. Hapa Bari, mji wetu wa pwani, mwanamume anayefungua kome huku amevaa glavu ni sawa na anayeoga na soksi.

"Glavu ni za daktari wa meno," Trifone alisema. Nami nikaona vita vya kuulinda mdomo wake vinanitosha.

Jumapili moja ya Juni wakaja akina Marasciulo kupanga siku ya harusi ya binti yetu Mariella na kijana wao. Kwetu harusi haizungumzwi kabla mgeni hajawekewa kome wabichi, na kome hao hufunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe, palepale mezani, watu wakimtazama. Onofrio, baba wa bwana harusi, ni mzaliwa wa bandarini. Alikaa mkabala na mume wangu, akakunja mikono kifuani.

"Mimi mtu simwangalii usoni," alisema. "Namwangalia mkono kwenye kome. Mtu wa bara utamjua tu. Atajikata."

"Basi angalia vizuri, mkwe," Trifone alimjibu, kisu tayari mkononi. "Utachoka wewe kabla yangu."

Sisi wengine tulikuwa tunalinda mdomo wa Trifone. Nilikuwa nimempikia kome wake peke yake, sufuria mbali na sahani mbali. Niliwachemsha mpaka wakafunguka, halafu nikawaacha dakika tano zaidi kama alivyoagiza daktari. Walikuwa wagumu kama raba lakini hawakuwa na hatia. Shemeji yangu Saverio, mdogo wake Trifone, hakuvumilia kuwaona.

"Mmoja tu mbichi, shemeji. Nimemkamulia limau. Limau linapika."

"Kama limau linapika, mimi nilinunua jiko la nini?"

"Hawa wametoka kwa Colino muuza samaki! Colino namjua tangu siku ya ubatizo wake."

"Colino kabatizwa. Kome je?"

Saverio akamla mwenyewe yule kome, kwa majonzi.

Trifone alifungua kome zaidi ya mia na hakupeleka hata mmoja kinywani. Nilijivunia mume wangu mpaka machozi yakanilengalenga. Karibu na mwisho nikamwona anateremsha mkono wa kushoto chini ya meza, ameuzungushia kitambaa, na kitambaa kina doa jekundu.

"Nini hicho?" nilimnong'oneza.

"Divai."

Divai ya mezani ilikuwa nyeupe, na yeye alikuwa anakunywa maji. Nikamtazama Onofrio, nikamtazama binti yangu anavyocheka, nikasema, "Haya, divai."

Asubuhi ya Jumatatu ule mkono ulikuwa umeumuka kama unga wa mkate. "Nyigu," alisema Trifone. Kabla ya saa sita mchana alikuwa anatetemeka kwa homa, na malengelenge meusi yamempanda hadi kwenye kifundo cha mkono. Tukamkimbiza hospitali. Akina Marasciulo walipata habari wakaja na boksi la keki, kama desturi inavyotaka, na Saverio akaja nyuma yao.

Daktari wa zamu akauliza, "Amekula kitu kibichi cha baharini?"

Sijawahi kuona mgonjwa mwenye mashahidi wengi hivyo. Mariella aliapa. Saverio aliapa kwa kaburi la mama yao. Onofrio alisema yeye binafsi alishangaa kuona hajala hata mmoja. Daktari akaandika, akageukia mkono.

"Na huku?"

"Nyigu," alisema Trifone, meno yakigongana, huku amenikazia macho. Nimeishi na macho hayo miaka thelathini na moja. Hayakuwa yananiomba nimwokoe. Yalikuwa yananiomba nisimwaibishe mbele ya Onofrio.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwahi kukaa meza moja na akina Marasciulo.

"Hakuna nyigu," nilisema kwa sauti. "Kajikata na kome mbichi. Jana, mezani, bila glavu. Na mimi nilijua."

Onofrio alitoa "Ah!" moja ndogo. Daktari aliacha kuandika na kuanza kuita watu kwa majina. Haikupita nusu saa Trifone akawa kwenye chumba cha upasuaji, wanamkata nyama iliyooza, dawa zinamwingia kwa mirija miwili. Siku tatu nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiogopa. Nilimwogopea yeye, na nilijilaumu kwa lile "haya, divai" kuliko nilivyowahi kujilaumu kwa neno lolote.

Siku ya nne akafumbua macho.

"Uliwaambia," alisema.

"Niliwaambia."

"Mbele ya Onofrio."

"Na wauguzi wawili."

Akageukia ukutani. Siku ile hakunisemesha, wala kesho yake. Nilikaa pale nikimsikiliza anavyovuta pumzi kwa hasira, moja baada ya nyingine, na katika maisha yangu yote sijawahi kufurahia kununiwa kama siku zile mbili.