Reli ya Mkono wa Kulia

Wifi yangu ni fundi wa kuchomelea, mimi ni mchoraji, na karakana yetu ni moja. Yeye anakaa nje na cheche zake, mimi ndani na kompyuta, na kati yetu kuna dirisha lisilofungika ambalo kazi yake kubwa ni kupitisha utani. Ni dada wa mume wangu, kwa hiyo ana haki zote za kunichokoza, na hakuna hata moja aliyowahi kuiacha ipotee.

Tunaishi juu ya karakana. Ngazi ya kupandia iko nje, ya zege, na ukipanda unakuwa na ukuta kushoto na hewa tupu kulia. Miaka yote hiyo, mchoraji na mchomeleaji tulipita hapo kila siku bila reli ya kushikilia. Mganga hajigangi.

Kisha mama mkwe akapatwa na kiharusi. Alipata nafuu, ila upande mmoja ulibaki umelegea, na mume wangu, aliyekuwa amekwenda kumuuguza, akasema hawezi tena kukaa peke yake. Mama alikubali kuja kwetu kwa sharti moja, akalitoa kwa simu ili sote tulisikie.

"Mimi sibebwi, na sishikwi makwapani kama mlevi. Nikishindwa kupanda hiyo ngazi yenu mwenyewe, dereva asizime gari. Narudi kwangu."

Hakuwa anatania. Nami nilimtaka aje, nalisema wazi kwa sababu wakwe wanasemwa vibaya mno. Nilipoolewa sikujua hata kuinjika sufuria. Mama alinicheka mpaka akajishika mbavu, lakini hakumruhusu mtu mwingine yeyote anicheke. Mtu wa namna hiyo humwachi akae peke yake na ugonjwa.

"Reli tuiweke upande gani, Mama?" nikamuuliza.

"Wa mkono wa kulia," akajibu. "Kwani kuna mwingine?"

Wifi akadakia dirishani. "Ni kweli. Nilipokwenda kumwona alikuwa amekaa kitandani, mkono wake mzima ulikuwa huku." Akaonyesha kuliani kwake. Basi, mashahidi wawili, kesi imekwisha. Nikakaa kuchora.

Kompyuta haijui ngazi wala mama mkwe. Inajua namba tatu tu: umekwenda kando kiasi gani, mbele kiasi gani, juu kiasi gani, zote zikianza kuhesabiwa kwenye sifuri uliyoiweka mwenyewe. Na kabla hujavuta mstari, sharti uiambie unachora kwenye bapa lipi, yaani uso upi ulionyooka, la sakafuni au la ukutani. Usipoiambia haikuulizi. Itakuacha uchore, utaona kila kitu kimekaa vizuri kwenye kioo, na wewe utajisifu. Nilichora reli nzima, nguzo zake na mkunjo wake wa mwisho, nikajisifu vya kutosha, ndipo nikaizungusha picha niitazame kwa ubavuni. Reli yote ilikuwa imelala chini.

Kichwa cha Wifi kikaingia dirishani. "Hii ni reli ya ngazi au ya treni?"

"Nimesahau kubadili bapa."

"Sawa. Sasa Mama apande, au akasubiri stesheni?"

Nikafuta. Nikalisimamisha bapa ubavuni mwa ngazi, nikaiweka sifuri kwenye kipandio cha kwanza, pale Mama atakapokanyaga. Safari hii nilitumia vidole nisikosee: gumba kando, cha shahada mbele, cha kati juu, kila kimoja na njia yake. Wifi alikuwa bado dirishani, nikaona nimpe somo.

"Lakini lazima uwe mkono wa kulia," nikamwambia kwa maringo. "Wa kushoto utakugeuzia dunia nzima. Wa kulia haukosei kamwe."

"Wa kulia chakula au wa kulia machozi?"

"Yote mawili," nikasema, na nikampa mchoro akate mabomba.

Reli ilitoka vizuri. Wifi aliipaka rangi ya kijani, akaisugua kila kiungio mpaka kiganja kikawa kinateleza bila kukwaruzwa. Siku gari lilipofika tulisimama chini ya ngazi kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Mume wangu akafungua mlango, Mama akateremka pole pole akiwa na fimbo, na fimbo ilikuwa mkono wa kushoto. Mkono mwingine ulikuwa umetulia tumboni. Nikageuka kuitazama reli.

"Reli nzuri," akasema. "Ni ya nani?"

"Ni yako, Mama. Ulisema mkono wa kulia."

Akauinua wa kushoto, fimbo ikining'inia. "Mkono wa kulia ni ule unaokulisha. Mwenzake yule wa tumboni amestaafu tangu nilipougua. Siku hizi nalia kwa huu."

"Lakini mimi nilikuona!" Wifi akasema. "Mkono mzima ulikuwa kulia!"

"Kulia kwa nani? Si ulikuwa umekaa mbele yangu?"

Wifi akageuka nusu, akatazama mkono wake mmoja, kisha wa pili. Mume wangu hakuwahi kuuona mchoro, naye akaanza kukagua tairi za gari. Injini ilikuwa bado inanguruma.

Mama aliitazama ile reli kutoka chini mpaka juu. "Ila nikiwa nashuka itakuwa kushotoni kwangu, barabara kabisa," akasema. "Kwa hiyo ya kuondokea mmeniwekea. Ya kuingilia ndiyo mmenisahaulia."

Ulikuwa utani, na nilijua ni utani, lakini macho yake hayakucheka na maneno yaliniuma hasa. Wifi akasema kesho asubuhi atachomelea nyingine upande wa pili. Mama akasema kesho asubuhi atakuwa kwake, anakunywa chai. Akaielekeza fimbo garini.

Ningependa kusema nilipiga hesabu. Sikupiga. Nilipita tu mbele yake nikasimama kati yake na ukuta, kipandio kimoja juu, nikaukunja mkono wangu na kuukaza.

"Nimesema sishikwi," akasema.

"Sikushiki, Mama. Reli haimshiki mtu. Inashikwa."

Akautazama mkono wangu. Dereva naye alitutazama, mguu kwenye mafuta.

"Reli gani hii yenye maneno mengi?" akasema Mama, na akamkabidhi mwanawe fimbo.

Vidole vyake vilinikamata kama anakamua nguo. Tulipanda, mimi nikiburuza bega ukutani, yeye akivuta pumzi kila kipandio na kunikataza kumwonea huruma. Tulipofika katikati nilisikia gari likizimwa. Juu kabisa akasimama, akanitikisa mkono mara mbili, vile wanunuzi wanavyojaribu kiti.

"Inayumba kidogo," akasema. "Lakini itafaa."

Bomba la reli ya pili Wifi amekwisha kulikata, limeegemea ukuta wa karakana. Kila siku anauliza mchoro uko wapi, nami namjibu kwamba bapa linanisumbua. Mama, ambaye mchana hushinda kwenye kiti karibu na dirisha langu, humwambia aniache, haraka haraka haina baraka. Wifi hututazama, mmoja halafu mwingine, kisha anarudi kwenye cheche zake akicheka. Jioni tukishafunga, Mama ananyoosha mkono wake wa kulia, yaani wa kushoto, nami nakunja wangu.