Mpaka Mgonjwa Aseme Basi

Evelyn aliingia nyumbani kwao Lemara mchana, akaona beseni linafuka mvuke, na ndani yake mkono wa baba yake. Kidole cha shahada kilikuwa kimeumuka, ncha yake nyeusi tii. Hata shikamoo hakutoa.

"Shangazi, unamfanya nini baba yangu?"

"Namkanda kila siku," alijibu Pudensiana, kitambaa mkononi. "Wewe uko Tengeru na mashine zako, mkono umelala tu. Tuuangalie?"

Damu ilimchemka Evelyn. Baba yake, Mzee Ndesanjo, alikuwa fundi cherehani. Kabla ya Pasaka kioo kilimkata kwenye kifundo cha mkono, neva ikakatika. Daktari aliishona, akawaambia wote: subirini, na mkono usiohisi usisogezwe karibu na moto. Evelyn, ambaye kazi yake maabara ni hizohizo neva, siku hiyohiyo alimweleza baba yake kwa lugha ya ushonaji. Ndani ya kila seli ya neva kuna uzi mrefu wa DNA, umekunjwa kama vitambaa dukani. Mtu akishakua, maelekezo ya kuotesha neva hukunjwa yakawekwa chini kabisa. Neva ya mkono ikikatika, seli hupangua mikunjo na kuyatoa tena. Seli za uti wa mgongo hugoma kuipangua, ndiyo maana waliovunjika mgongo wengi hawainuki.

"Yako inapangua, Baba," alimwambia. "Ipe muda."

Muda wenyewe ndio huu walioutia kwenye beseni.

"Mimi si mjinga," Pudensiana alisema. "Nimekanda wazazi wangapi? Kila nikimwaga maji namuuliza, moto umezidi? Anasema bado, ongeza. Mgonjwa ndiye husema basi."

"Atasemaje basi na mkono hausikii? Akili zenu mliziweka wapi?"

"Usimgombeze shangazi yako," mzee alisema, macho chini. "Nilimwomba mimi. Nimechoka kushika sindano nisijue kama nimeishika. Nilitaka nisikie kitu, hata maumivu."

Hasira ya Evelyn haikupungua hata kidogo. Akamfunga baba yake mkono kwa kanga safi, wakaenda hospitali watatu.

Daktari alikitazama kidole kwa muda mrefu. Kimekufa, alisema, kitakatwa kesho asubuhi, chote. Kisha akaanza kugonga kiganja kwa ncha ya kidole chake, taratibu, kupima neva iliyoshonwa imeota hadi wapi.

Mzee alishtuka.

"Hapo. Kama umeme. Unakimbilia huku," akaonyesha kidole cheusi.

Uso wa Pudensiana ukachangamka. "Si nilisema kitaamka?"

"Neva imefika kiganjani, shangazi," Evelyn alisema. "Ilikuwa inakuja yenyewe, polepole, siku zote hizo. Imekuta mmeshakipika kidole."

Pudensiana akakaa kwenye benchi, kitambaa chake bado mkononi. Hakuna aliyemwangalia.

"Gonga tena," mzee alimwambia daktari.