Upana wa Kidole Kimoja

Fundi viatu alikuwa na kibanda kilichoegemea ukuta wa posta, na wateja wake walijua mambo mawili: kwamba hatakuambia kiatu kitakuwa tayari lini, na kwamba kikishatoka mikononi mwake hakitarudi kwa ugonjwa uleule. Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Panzi tangu alipoanza kuuruka mtaro wa shule huku wenzake wakipanga foleni darajani, alikuwa na jozi moja tu ya viatu vya misumari vya kukimbilia, navyo vilikuwa vimeanza kumbana. Hakulalamika. Lakini baba aliona ukucha wa kidole gumba cha mguu umekuwa mweusi, akavichukua siku mbili kabla ya mashindano ya uteuzi, akavirudisha vikiwa vimeshonwa upya mbele.

"Sasa vitakuheshimu," alisema, wala hakuongeza neno.

Asubuhi ya mashindano Panzi alikimbia mita mia akamaliza wa tatu. Waliochukuliwa katika timu ya vijana ya taifa wakawa wawili. Ikabaki kuruka chini, na kwenye shimo la mchanga nafasi ilikuwa moja. Mjomba wake, msimamizi wa zamu katika kiwanda cha sabuni, alikuwa ameshasema lake mbele ya familia nzima: "Ukichaguliwa, nitafunga mdomo mpaka nizikwe. Usipochaguliwa, Jumatatu saa moja asubuhi nikukute langoni na aproni yako." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomtia Panzi hofu. Mjomba hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Shuleni kwao hapakuwa na futi ya kupimia. Mwalimu wa michezo alimfundisha kupima kwa miguu: unasimama ukiwa umeupa mgongo ubao wa kurukia, unaweka kisigino mbele ya ncha ya kiatu, mguu baada ya mguu, mpaka nyayo mia moja na kumi, hapo unaweka alama, na hapo unaanzia mbio. Hesabu hiyo Panzi aliiamini kuliko tarehe iliyoandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Siku hiyo alihesabu taratibu, hakuruka hata moja, akaweka jiwe lake.

Kila mrukaji alipewa miruko mitatu. Katika mruko wa kwanza alikimbia kama alivyokimbia mara elfu, lakini mguu ulipofika wakati wa kuruka, ubao ulikuwa bado uko mbele. Akaruka kutoka kwenye vumbi. Mita nne na sentimita kumi na mbili. Mazoezini hakuwahi kushuka chini ya mita tano na nusu.

"Panzi, leo umekuja na mabawa ya kuku?" aliuliza binti mrefu aliyekuwa akiongoza, huku akifunga kamba za viatu vyake.

"Napasha misuli moto," alijibu Panzi, na sauti yake mwenyewe haikumshawishi.

Alirudi akahesabu upya. Mia moja na kumi. Jiwe lilikuwa palepale. Basi kosa ni langu, aliwaza, nimekuwa mzito. Katika mruko wa pili alirefusha hatua ili aufikie ubao, mwendo ukavurugika, akaupita ubao kwa miguu miwili kama mtu aliyesukumwa mlangoni, akaishia magoti mchangani. Mwamuzi akainua bendera nyekundu.

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alisimama kando ya uwanja, mikono kiunoni, akiangalia chini ili asimwangalie baba kwenye uzio. Ndipo alipoviona viatu. Ncha zake zilikuwa mbali na vidole vyake. Alivua kimoja, akaingiza mkono, akaisikia nafasi.

Alikwenda mpaka kwenye uzio akichechemea, kiatu mkononi.

"Baba, uliongeza mbele?"

"Kidogo tu, mama. Upana wa kidole kimoja. Vinabana tena?"

"Havibani. Lakini mimi napimia kwa hivi."

Fundi alikuwa mtu wa vipimo, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili. "Mara ngapi?"

"Mia na kumi."

"Vidole mia na kumi umejirudisha nyuma." Macho yake yalihamia kwenye kiatu. "Cha zamani kilikuwa vidole kumi na saba. Sasa ni kumi na vinane. Sogea mbele nyayo sita na ushee. Nenda, mama. Nenda, wanakuita."

Alipewa dakika moja, na nusu yake aliimaliza akivaa kiatu na kusogeza jiwe. Kisha akapiga moyo konde, akaondoka. Hatua zilikaa mahali pake, moja baada ya nyingine, kama sindano inayofuata mstari wa chaki. Ubao ukaja wenyewe chini ya mguu. Alipotua, mchanga ulichimbika mbele ya kigingi kilichoonyesha mruko wa yule binti mrefu, mbele kabisa, na kutoka jukwaani akasikia watu wakivuta pumzi kwa pamoja.

Bendera iliyopanda ilikuwa nyekundu.

"Njoo uone, binti," mwamuzi alimwita, si kwa ubaya. "Usije ukasema tumekuonea."

Alipiga magoti. Kwenye ukanda wa udongo laini wa kijani, uliowekwa upande wa pili wa ubao kunasa mguu unaouvuka, palikuwa na alama nyembamba kama ukucha wa mtoto. Ndani yake mlikuwa na vitobo vitano vilivyopangwa sawasawa, bila kupinda. Aliijua mishono hiyo. Asingeweza kuifananisha na ya fundi mwingine yeyote. Mwamuzi akapitisha bapa la kusawazishia, na udongo ukawa laini tena.

Baba alikuwa akimsubiri nje ya lango la uwanja, ameketi kwenye ukingo wa mtaro.

"Ni ule ushee," alisema. "Nilipaswa kukuhesabia vizuri zaidi."

"Hesabu yako ilikuwa sawa, baba. Nilikosea mimi."

"Ulikosea nini?"

"Nilichelewa kuruka."

Alivua viatu, akavaa kandambili. Baba alivichukua, na kwa mazoea ya miaka yote, kidole chake kikapita juu ya mshono wa mbele. Kikasimama. Alikiinua kiatu cha kulia karibu na macho. Kati ya nyuzi tano za mwanzo palikuwa na udongo wa kijani.

Hakumwangalia binti yake. Alitoa msharasi wake wa kutobolea ngozi mfukoni mwa shati, akaanza kuudonoa udongo ule, punje kwa punje.

"Kiwandani wanamwaga magadi sakafuni," alisema baadaye. "Utahitaji viatu vya kufunika vidole. Nitakushonea."

"Ndiyo, baba."

"Jumatatu ni saa ngapi?"

"Saa moja."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kudonoa hata pale ambapo hapakuwa na udongo tena. Panzi alikaa kando yake, miguu ikining'inia mtaroni. Kidole gumba hakikumuuma hata kidogo.