Nani Atamwashia Ekeko Sigara?

Mume wa Eusebia Choque alikuwa na jibu moja kwa kila safari. Mkewe akisema twende tukauone mto, jibu ni hilo. Akisema basi twende tu kwa dada yangu, tukalale siku moja, jibu ni hilo hilo: "Na Ekeko nani atamwashia sigara?"

Ekeko ni yule bwana mdogo wa plasta anayekaa kwenye rafu ya kila nyumba ya La Paz, Bolivia, inayojiheshimu. Mnene, masharubu, mdomo wazi, mikono kaitanua kama anayengoja kukumbatiwa, na mwili mzima katundikwa vigunia vya unga, vinyumba, vigari na vinoti. Kila Ijumaa huwashiwa sigara ya kweli ikachomekwa mdomoni, naye huivuta mpaka iishe. Asipovuta ananuna, na akinuna baraka zinatoka mlangoni bila kuaga. Hivyo ndivyo alivyoamini Fermín, mumewe Eusebia, na mwanamume mwenye jambo moja tu la kuamini hulishika kwa meno.

Kila Januari, siku ya soko la vitu vidogo, mji mzima husongamana saa sita mchana kununua mfano mdogo wa kile unachokitaka kikubwa. Mganga anakifukizia ubani, nawe unakwenda kumtundikia Ekeko. Fermín alinunua kinyumba, wakapata nyumba. Akanunua kigari, wakapata toroli, si haba. Eusebia yeye alinunua kijisanduku cha safari kilicholingana na kibiriti, ndani kina pasipoti na tiketi za ukubwa wa kucha. Mwaka huu kijisanduku, mwaka ujao kijisanduku. Ungemtazama Ekeko ungedhani yeye ndiye anayehama.

Fermín akafa kwa kifua, mtu ambaye hakuvuta hata sigara moja maishani. Zote alimwachia mwenzake wa plasta.

Eusebia akaendelea kuuza vifungo na zipu pale pale sokoni. Aliendelea kupika viazi vya watu wawili na kula vya mmoja. Ijumaa moja alikuwa akiwasha kibiriti, akasikia mtu anasema, "Tulia basi, baba, inakuja." Akageuka. Hapakuwa na mtu. Alikuwa ni yeye mwenyewe, na ndipo alipogundua kuwa tangu Jumatatu ndani ya nyumba ile hakuna sauti nyingine iliyosikika.

Kesho yake akamfuata komadre wake, Leokadia, muuza uji wa mahindi, ambaye zamani Eusebia alimsimamia mtoto wake ubatizoni.

"Nakwenda zangu, komadre."

"Wapi? Msalani?"

"Kushuka na mto. Mpaka utakapoishia."

"Mto hauishii, unaingia baharini."

"Basi mpaka huko."

Leokadia akaweka upawa chini. "Wewe? Wewe unayeoga kwenye beseni huku umeshika ukuta?"

"Nakwenda na chombo, siendi kuogelea. Nataka unitunzie Ekeko."

"Thubutu! Wa kwangu ana wivu kuliko marehemu. Niwaweke wawili rafu moja, asubuhi nitakuwa naokota masharubu sakafuni. Mchukue mwenyewe. Mwanamke wa umri wako akionekana na mwanamume mfupi hivyo, nani atamsema?"

Wakacheka mpaka uji ukaungua. Lakini siku ya safari Leokadia hakuja kumsindikiza. Wateja walikuwa wengi. Basi lilipoondoka, kila abiria alipungiwa mkono na watu wake. Eusebia akachagua mama mmoja aliyekuwa akimpungia mtu mwingine, naye akampungia.

Huko bondeni joto lilimpokea kama mdomo wa tanuri. Mwanamke wa La Paz, mji wa baridi mlimani, huvaa sketi juu ya sketi. Eusebia akawa anavua moja moja njiani, na alipofika kwenye mto Mamoré bado alikuwa na heshima zake. Akapanda chombo cha mizigo, chumvi na saruji chini, abiria juu kwenye vitanda vya wavu vya kutundika. Cha kwake alikifunga vibaya. Usingizi ukamjia miguu juu, kichwa chini, na hakuna aliyemwambia.

Ijumaa ilipofika akamtoa Ekeko kwenye begi, akamwashia. Chombo kizima kikamzunguka.

"Mama," akasema Nazario, nahodha, shavu limejaa majani ya koka, "huyo bwana kalipa nauli?"

"Hali, halali, na hana mzigo."

"Hana mzigo! Na hilo duka mgongoni?"

"Hizo ni ndoto zangu, baba. Ungezipakia wewe, chombo kingezama."

Watu wakacheka, mpishi Pura akajipiga mapaja. Kisha chakula kikaiva, na kila mmoja akarudi kwa wake: mume kwa mkewe, wajukuu kwa bibi yao. Eusebia akabaki na moshi. Alikuwa ameamini kwamba safarini mtu hupata watu. Kumbe watu hupanda chombo wakiwa nao tayari.

Ijumaa iliyofuata mvua ilimwagika tangu alfajiri. Alipofungua begi, sigara zilikuwa zimekuwa uji. Akamwendea Nazario.

"Mimi natafuna, mama, sivuti."

Akamwendea Pura, akaenda kwa kila kitanda. Hakuna aliyekuwa na sigara kavu. Eusebia akamketisha Ekeko magotini, akangoja adhabu.

"Pura, mwanangu, vaa boya."

"La nini, bibi?"

"Leo tutagonga gogo. Bwana hajavuta."

"Na mimi mwezi wa pili sijabusiwa," akasema Pura, "mbona sizamishi vyombo?"

Gogo halikuja. Jumamosi jua likatoka, pomboo wa mtoni, wa rangi ya waridi, wakaibuka kando ya chombo wakipumua kama vizee, na nyavu za mabaharia zikatoa samaki wengi kuliko siku zote. Ekeko alikuwa ana tabasamu lake lile lile.

Eusebia alicheka kwanza. "Fermín, mjinga wewe!" Alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Halafu akakumbuka uso wa mumewe kila alipoisema ile kauli: macho chini, vidole vikikunjakunja kitambaa cha meza. Ekeko hakuwa na shida na mtu. Aliyeogopa njia alikuwa Fermín, akaona haya kusema, akamtanguliza kisanamu. Na mkewe angemwambia nini, lau angejua? Angemshika mkono. Wangefika mbali tu.

Lakini kulikuwa na jambo zito zaidi ya hilo. Kama Ekeko hakumhitaji, basi duniani hakubaki anayemhitaji.

Walipofika bandari ya Guayaramerín, mpakani, wakashusha saruji. Nazario akaja akifuta jasho.

"Mama, sisi tunageuza. Nikuwekee kitanda chako pale pale? Safari hii nitakufungia mwenyewe, uache kulala kama popo."

Eusebia akaitazama ng'ambo, upande wa Brazili, ambako mashua zilikuwa zikivusha watu kwenda kutafuta vyombo vya kushukia baharini. Nyumbani kulikuwa na jiko, na meza ya zipu, na ulimi wa Leokadia. Alitamani mtu mmoja tu amkataze. Hata Nazario mwenyewe: aseme wewe mzee, utafia huko, rudi. Angerudi upesi sana.

"Basi utaniambia," Nazario akasema, akaenda kugombana na wapagazi.

Hakuna aliyemkataza. Eusebia akachukua begi lake, akateremka kwenye tope.

Mwenye mashua alimuuliza kitu kwa lugha ya kule. Hakuelewa. Yule bwana akaonyesha vidole: mko wangapi? Eusebia akageuka nyuma kwanza, akatazama vizuri. Kisha akainua kidole kimoja.

Akaonyeshwa akae katikati, kwa sababu mtu mmoja akikaa upande, mashua hulala.