Kadi ya Sekela

Mwaka wa sabini na nne, Operesheni Vijiji ilipofika kwetu upande wa Lupepo, hatukuhamishwa. Nyumba zilikuwa zimesongamana tayari, migomba kwa migomba, tukaambiwa tumekuwa kijiji papo hapo tulipo. Kilichohama ni majina yetu. Yaliingia kwenye sanduku.

Sanduku lililetwa na Bushiri, karani kijana kutoka mjini Tukuyu. Kila kaya kadi moja: jina la mwenye nyumba na jina la baba yake. Kadi zilifuatana kwa jina la baba, kuanzia A. Mimi nilikuwa na darasa la nne, nikafanywa karani msaidizi. Jumamosi kamati ingesoma kadi zote, na shamba la nyumba isiyo na kadi lingehesabiwa halina mwenyewe, liingie shamba la kijiji.

Jumatano nikazipitia. Kadi ya Sekela haikuwemo.

Sekela na mimi tuliolewa nyumba moja, mimi kwa kaka mtu, yeye kwa mdogo mtu, Andongwisye, ambaye alikuwa Zambia kwenye migodi ya shaba. Sekela alikuwa na watoto watatu na ile migomba, basi. Nilipekua sanduku mara nne. Mara ya tano nikafungua bahasha ya kadi za kupelekwa kijiji cha Matwebe, nikaikuta humo.

Nilikwenda kwake mbiombio na mvua.

"Ulimwambia Bushiri mumeo ni mtoto wa nani?"

Akafunika mdomo na khanga. "Dada, ningesemaje? Nilimtaja baba yangu mimi. Yule naweza kumtaja."

Nilikaa kwenye kigoda nikainuka tena. Kwetu mkamwana hatamki jina la bamkwe wake. Hakutani naye njiani, akimwona mbali anapinda. Mimi ni bibi sasa, na huyo mzee amekwisha kufa zamani, lakini hata hapa simwandiki. Bushiri hakuyajua hayo. Aliuliza swali lake, akapata jibu, na baba yake Sekela alikuwa mtu wa Matwebe. Sanduku likafanya kazi yake vizuri sana.

Alhamisi mume wangu alikwenda kusahihisha. Bushiri akamkatalia.

"Wewe si wa kaya hiyo, bwana. Wiki jana mtu amejiandikishia migomba ya shemeji yake hivi hivi. Aliyetoa maneno ndiye atakayeyabadili, kwa kinywa chake, mbele ya kamati."

"Mbele ya kamati yupo baba yangu."

"Vizuri. Atamsaidia."

Mume wangu alirudi anacheka kwa hasira. Mimi sikucheka. Sekela aliniambia afadhali migomba iende kuliko kumvua mzee heshima mbele ya watu. Halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo, wale watoto watakula nini.

Siku ile nzima sikutulia. Naanza kuchambua maharage, naacha. Nachukua jembe, narudi nalo. Nilikuwa natembea juu na chini ya njia yetu, napita nyumba ya Tusekile, ya Sekela, ya Ambindwile, na nikaona kwamba miguu yangu inazijua nyumba zote bila jina la baba wa mtu yeyote.

Ijumaa Bushiri alikwenda Igogwe. Nilimwaga sanduku lote mezani, kadi mia mbili na kumi na nane, nikazipanga upya kama njia inavyokwenda, nyumba kumi za balozi mmoja, kisha kumi za mwingine, kutoka mtoni kwenda juu, na pembeni nikaandika namba ya kila nyumba. Nilikuwa naharibu mali ya serikali.

Jumamosi nilikaa chumba cha pili, mlango wazi nusu, kwa sababu ya mzee. Ndivyo nilivyoandika mikutano yote. Bushiri alivuta kadi ya kwanza, ya pili, akasimama.

"Nani amegusa sanduku?"

"Mimi," nikasema toka nyuma ya mlango.

"Dada, umelivuruga!"

"Sijalivuruga. Soma tu, uende juu."

Ackson, mwenyekiti wetu, akasema, "Soma, bwana, mvua inakuja."

Akasoma. Kila aliyeitwa aliitika. Balozi wa tatu, nyumba ya sita: Tusekile. Kadi iliyofuata: Ambindwile, nyumba ya nane.

"Ya saba iko wapi?" akauliza Ackson.

Nikasema, "Muulizeni Sekela anakaa kati ya nani na nani."

Sekela alikuwa amekaa nje, mgongo kwa mlango, khanga kichwani. "Chini yangu Tusekile," akasema. "Juu yangu Ambindwile. Mume wangu Andongwisye."

"Ni kweli?" akauliza Bushiri.

"Kuku wake wanakula mahindi yangu kila siku," akasema Ambindwile. "Anakaa wapi tena kama si hapo?"

Watu wakacheka. Mzee nilimsikia akikohoa tu. Bushiri alifungua bahasha ya Matwebe mwenyewe, akaitoa kadi, akaisoma tena.

"Amesema kwa kinywa chake, mbele ya kamati," Ackson akamkumbusha.

Bushiri akaandika saba pembeni, akalikata neno Matwebe, akaitia kadi mahali pake. Sekela aliondoka bila kuaga, akashika njia ya migombani.

Watu walipotawanyika, Bushiri alikuja mlangoni. Nilijua ananifukuza kazi.

"Na mtu akijenga kati ya sita na saba?"

"Tutamwita sita na nusu."

"Na Andongwisye akirudi, akahamia kwingine?"

"Nitaitoa kadi, niihamishe. Napita njia hiyo kila siku."

Alitazama sanduku. "Basi itakuwa kazi yako, dada. Mimi siwezi kupita kila siku."

Nikaifanya miaka kumi na mmoja, na sikumbuki wiki hata moja ambayo hakuna aliyejenga, aliyehama wala aliyekufa.