Skuta Zisizonguruma

Ampelio Cavanna aliuza skuta za petroli katika mtaa wetu wa Genova tangu enzi za baba yake, na hakuna aliyewahi kumdhania kuwa mpenda mazingira. Hata petroli aliitia huku sigara iko mdomoni. Kwa hiyo mwaka ule skuta za umeme zilipoanza kuingia Italia, na serikali ikaahidi ruzuku kwa kila mnunuzi, tulishangaa kuona ameagiza sita, nyeupe pe, akazipanga dirishani kama mabibi harusi.

"Hewa safi, Tullio," aliniambia. Mimi ndiye mwoka mikate wa duka la jirani. "Watoto wetu wavute hewa safi."

"Watoto wepi? Wewe huna hata mmoja."

"Basi wa wenzangu. Kwani mimi nina roho mbaya?"

Diwani wa mazingira, mheshimiwa Fulvio Gandolfo, ndiye aliyekuja kukata utepe. Alisema dunia inalia nasi tumeziba masikio. Akapanda skuta moja, akaenda nayo kutoka mlango wa Ampelio hadi mlango wangu, akapigwa picha, akashuka. Watu wakapiga makofi, wakamaliza trei zote za mikate yangu ya fokacha, wakauliza maswali ya kisomi kuhusu betri, kisha kila mmoja akawasha skuta yake ya petroli akaenda zake. Diwani aliondoka na gari lililokuwa likinguruma muda wote wa hotuba, ili kiyoyozi kisizime akakuta kiti cha moto.

Miezi ikapita. Wateja waliingia, wakasifu, wakaahidi kurudi. Daktari wa meno alisema angenunua siku hiyo hiyo, ila nyeupe inamkumbusha kazi. Mwalimu wa jiografia alisema yeye anasubiri kizazi cha pili cha betri.

"Hata mimi nasubiri kizazi cha pili cha mume," alisema Ersilia, mke wa Ampelio, akifuta vumbi viti ambavyo hakuna aliyevikalia.

Ndipo akaja Delfina Oneto, mjane wa miaka sitini na minane, mweusi wa mavazi tangu kichwani hadi viatuni. Hakuuliza bei wala habari za dunia.

"Ampelio mwanangu, hebu iwashe."

"Imeshawaka, mama."

"Usinitanie. Mbona siisikii?"

"Ndivyo ilivyo. Haingurumi hata ukiikimbiza."

Delfina akainama, akatega sikio kwenye kiti kama daktari anayepima kifua, akanyanyuka. "Naichukua."

Sababu yake ilikuwa wifi yake. Pierina, dada wa marehemu mumewe, aliishi ghorofa ya chini yake na alishinda dirishani. Injini zote za mtaa alizijua kwa sauti. Delfina akiwasha tu skuta yake ya zamani, dirisha lilifunguka: "Wifi! Makaburini kwa kaka yangu ni upande wa pili!" Naye Delfina hakuwa akienda makaburini. Alikuwa akienda Boccadasse, kule ufukweni kwa wavuvi, kwa Gaspare, mpishi wa meli aliyestaafu, ambaye alikuwa na mkono mwema wa kukaanga dagaa.

Tangu siku hiyo alitoka na kurudi, na Pierina asijue kitu. Kosa lake ni moja: alimwambia msusi wake. Na msusi, ukimwambia yeye, umeuambia mji.

Katika wiki chache Ampelio alipata wateja ambao hakuwatarajia. Alikuja mhasibu aliyemwambia mkewe kwamba kila Alhamisi anakwenda kumjulia hali mama yake, ilhali mama mtu alikuwa akimtafuta kwa simu Alhamisi hizo hizo. Akaja bwana mmoja aliyelipwa posho ya ulemavu kwa ajili ya mgongo usioweza kupanda chombo chochote. Akaja mzee Serafino, ambaye daktari amemkataza sukari, na aliyekuwa akichukua keki zake kwangu kwa mlango wa nyuma. Wote waliuliza kwa kunong'ona kama kweli haisikiki. Wote, wake zao walipokuwepo, walisema kwa sauti kubwa: mazingira. Ampelio akaagiza nyingine kumi na mbili.

Habari zikafika ofisi ya jiji kwamba hakuna mtaa wenye skuta nyingi za umeme kama wetu. Uchaguzi ulikuwa karibu. Mheshimiwa Gandolfo akaamua Ampelio avikwe nishani, na wamiliki wote waandamane na skuta zao mbele ya wapiga picha wa magazeti.

"Mheshimiwa," Ampelio alimsihi, jasho likimtoka, "wateja wangu ni watu wa haya."

"Huo ndio uungwana! Watu wanaotenda mema kwa siri."

"Kwa siri kweli kweli, mheshimiwa."

Kukataa kungezua maswali nyumbani, kwa hiyo siku ya maandamano, Jumapili, walikuja wote. Walijipanga wamevaa helmeti za kufunika uso mzima, vioo vyeusi vimeshushwa, kama majambazi waliokuja kupokea tuzo. Mwandishi wa habari akamsogelea mmoja. "Kwa nini ulichagua umeme?"

"Kwa ajili ya watoto wetu," ikajibu sauti nzito kutoka ndani.

"Jina lako nani?"

"Achana nalo."

Kisha diwani akatangaza zawadi. Kwa kuwa waenda kwa miguu hawazisikii skuta hizi, jiji litafunga katika kila moja kipaza sauti kitakacholia mfululizo mfano wa ndege wa msituni. Akakibonyeza. Kililia kama kuku elfu wanaonyonyolewa wakiwa hai. Helmeti zikageukiana.

Pierina, aliyekuwa mstari wa mbele, akapiga makofi. "Hapo umenena, mheshimiwa! Maana wifi yangu siku hizi anatoweka kama jini."

Helmeti moja ikavuliwa. Alikuwa Delfina, nywele zimemsimama.

"Pierina, naenda Boccadasse kwa Gaspare. Ananikaangia dagaa. Na yanayofuata baada ya dagaa hayakuhusu."

"Na kaka yangu je?"

"Kaka yako nilimpikia mpaka akafa ameshiba. Sasa na mimi napikiwa."

Wanawake wakacheka, wakapiga vigelegele. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuzitazama helmeti zilizobaki.

"Wewe wa tatu," mke wa mhasibu akaita, "hivyo viatu si nilikununulia mimi?"

Maandamano hayakufanyika. Skuta zilitawanyika kila upande bila hata kishindo, na diwani akamvika Ampelio nishani mbele ya barabara tupu.

Biashara ikafa pale pale. Mume akitaja betri, mkewe anauliza huyo mwanamke anaitwa nani. Mwalimu wa jiografia, aliposikia kizazi cha pili kimefika, alikuja na nia safi kabisa ya kununua. Mkewe akamtoa dukani kwa kumvuta kola. Ampelio amebaki na skuta zake, analaumu serikali.

Mawifi hao wawili hawakusalimiana majira yote ya kiangazi. Kisha, mchana mmoja wa Jumapili, Delfina akampakia Gaspare nyuma, wazi wazi, kumleta kula kwake. Skuta ilizoea kubeba mjane mwembamba. Gaspare alikuwa na tumbo la mpishi. Ikakata moto katikati ya mwinuko, mbele ya duka langu. Delfina akakataa kushuka.

"Dereva ni mimi. Sukuma."

Gaspare akasukuma, uso umemwiva, mtaa mzima umetoa vichwa nje. Pierina alikuwa kwenye kaunta yangu, mkate mkononi. Akauweka mkate chini.

"Yule hajui kusukuma," alisema, akatoka mlangoni. "Wee mzee! Weka bega, si tumbo! Utaniulia wifi yangu!"