Sahani Tisa

Tangu asubuhi simu ya Anjelika ilikuwa haipatikani, na mswada ambamo nilimuua kaka yake ulikuwa mikononi mwake.

Mimi ni mhariri wa kujitegemea, naishi Biharamulo mjini. Kujitegemea maana yake huna bosi wa kukuzuia ukikosea. Zamani nilitunga michezo ya kuigiza ya kikundi kilichozunguka vijijini, na huko nilijifunza kwamba mtu akitoka jukwaani asirudi, watazamaji watakudai amekwenda wapi. Tabia hiyo haijanitoka. Nikiona mhusika ananing'inia, mikono inaniwasha.

Anjelika ana mgahawa Lusahunga, madereva wa malori yaendayo mpakani Rusumo ndio wateja wake. Aliandika riwaya kwenye madaftari manne makubwa, habari za dada na kaka katika kambi ya wakimbizi ya Lukole. Kaka mtu, Emilian, anakwenda kuchota maji harudi. Basi, hatajwi tena. Dada anaendelea kumwekea chakula, sahani imefunikwa, sura baada ya sura. Nilihesabu sahani tisa. Nikaona ni marudio matupu, nikafuta nane. Kisha nikamuua Emilian kwa homa, aya moja tu. Niliisoma kwa sauti nikajipongeza, nikachapa mswada wote na kumpelekea.

Siku mbili baadaye, usiku, nikiyafunga madaftari nimrudishie, niligeuza lile la nne. Ndani ya jalada la nyuma paliandikwa: Emilian Nizigiyimana, kaka yangu. Chini yake ilikuwepo miaka aliyokwenda kumuulizia. Wa kwanza 1997, wa mwisho mwaka jana. Nilikaa sakafuni. Mhariri gani asiyesoma majalada?

Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimemwaga ndoo nzima. Asubuhi simu yake haikupatikana, nikafunga safari. Njia nzima niliomba mgahawa ujae wateja, Anjelika asipate hata dakika ya kusoma. Ombi la kipumbavu, lakini niliomba.

Nilimkuta jikoni anageuza samaki.

"Shikamoo, dada Anjelika."

"Marahaba, mwalimu. Kaa." Hakunitazama.

Nilikaa. Mswada ulikuwa juu ya friji ya soda, umefunguliwa katikati, umegandamizwa kwa mwiko. Alihudumia madereva wawili, akafuta meza, akahudumia wa tatu. Hapo ndipo nilipoona sahani ya bati kwenye rafu, imefunikwa kwa sahani nyingine. Kila mteja alikuwa na chakula chake mbele yake. Ile hakuna aliyeiulizia.

Madereva walipoondoka, alikuja na mswada akaketi mbele yangu.

"Dada, nisamehe," nilidakia kabla hajafungua mdomo. "Nilidhani ni hadithi tu. Kile kifo nakifuta leo leo."

"Nimekisoma mara tatu," alisema. "Mara ya kwanza nilitaka kuyatia makaratasi yako motoni. Nikazima simu nisije nikakutukana."

"Bora ungenitukana."

"Mara ya tatu nikaona kuna kitu hujaandika. Umemuua, hukumzika. Kwenu mtu akifa anaachwa hivyo hivyo?"

Niliona aibu kuliko siku zote za kazi hii.

"Amezikwa wapi?" aliuliza.

"Sijui, dada."

"Hata mimi sijui. Si ulisema wewe ni mtunzi? Andika."

Alinisukumia kalamu. Niliandika kwamba Emilian alizikwa Lukole, chini ya kilima, jua likizama. Aliinama kusoma.

"Jua likizama la nini? Sisi kambini tulikuwa tunazika asubuhi, kabla ya foleni ya maji. Na si chini, chini mvua ikinyesha panajaa. Mpeleke juu, kwenye mikaratusi." Alininyang'anya kalamu.

Aliandika mwenyewe. Aliandika majina manne ya waliombeba, mkeka aliofungiwa, wimbo ulioimbwa, na mama aliyekatazwa kushuka kaburini. Machozi yalimdondokea mkononi, akayafuta kwa kitenge na kuendelea. Mteja aliingia akaita, nikanyanyuka mimi nikampakulia wali. Niliogopa hata kugonganisha vijiko.

Kurasa tatu baadaye aliweka kalamu chini.

"Usiguse hata nukta," alisema.

"Siigusi."

"Kifo kibaki. Ila sahani zangu zirudishe zote tisa. Hizo sikutunga."

"Zitarudi, dada."

Alikwenda rafuni, akaishusha ile sahani, akaifunua. Wali, maharage na kipande cha samaki, vyote vimepoa. Kisha akaiweka mbele yangu, akanipa kijiko.

"Kula, mwalimu," alisema. "Haji."